Nyumba Ndefu za Udongo wa Kasongo

Fundi haanzi na jembe. Anaokota donge, analilowesha kidogo, kisha analiviringisha kati ya viganja mpaka liwe kamba nyembamba na kulikunja taratibu. Kamba ikikatika upesi, mchanga umezidi. Ikikunjika bila ufa na kunata vidoleni, udongo mfinyanzi ndio uliozidi, na tofali lake litapasuka juani. Mjini Kasongo, katika Maniema, wengi hupenda udongo wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wameshausaga na kuuchambua kabla ya binadamu kuufikia.

Udongo unatiwa maji shimoni na kukanyagwa kwa miguu. Kazi hii huachiwa vijana, lakini fundi hakai mbali. Anasikiliza. Udongo mbichi hutoa mlio wa kupasuka chini ya kisigino, na ukiiva mlio unakuwa mzito, hauna mabonge. Nyasi kavu zilizokatwakatwa zinachanganywa humo, rundo linafunikwa majani ya migomba na kulazwa usiku kucha.

Asubuhi kalibu ya mbao inachovywa majini, inanyunyizwa mchanga laini, na donge linatupwa ndani kwa nguvu. Ni lazima litupwe, kwa sababu ukilibembeleza pembe hazijai. Fundi anapitisha ubao juu, anashika vipini viwili na kuinua kalibu moja kwa moja. Akiiinamisha hata kidogo, kona inabaki kwenye mbao. Matofali yanakaa kivulini kwanza, yanageuzwa ubavu, ndipo yanaonja jua.

Kwa udongo kama huu, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara kutoka pwani walijenga mji ambao wageni waliuona kwa mshangao. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliufanya Kasongo kuwa makao yake, na alipoondoka kurudi Unguja mwaka 1890 mwanawe Sefu akabaki. Bidhaa za pwani zilifika kwa misafara kutoka Ziwa Tanganyika kupitia Kabambare, na pembe za ndovu zikarudi kwa njia hiyohiyo mabegani mwa watu, wengi wao watumwa. Na nani alikanyaga udongo wa kuta zile? Jibu halitofautiani sana.

Jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda wake Dhanis liliuteka mji tarehe 22 Aprili 1893. Daktari wa Kiingereza aliyekuwa nalo, Sidney Hinde, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1897 kwamba chumba alichojichukulia kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, na mlango uliotokea kwenye bustani ya michungwa. Wasomaji wengi hukumbuka magodoro ya hariri anayoyataja. Mimi nakwama kwenye zile futi 15, karibu mita nne na nusu. Unguja na Lamu chumba huwa chembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina kikomo chake. Nadhani mafundi wa Kasongo waliukuta msitu wa Maniema na miti yake mirefu, wakatanua chumba bila kuacha umbo lake la pwani.

Ukuta mrefu wa udongo haukubali haraka. Tofali la juu linakalia kiungo cha matofali mawili ya chini, tope la kuunganishia ni udongo uleule uliolainishwa zaidi, na kila baada ya kozi chache timazi inashushwa. Fundi anasubiri uzi utulie kabisa kabla ya kusoma. Ukuta ukifika kiunoni anaacha, hata kama jua bado lipo, maana tope bichi chini likibebeshwa zaidi litauangusha ukuta mzima upande mmoja.

Adui mkubwa ni maji. Ndiyo maana msingi huwa wa mawe, paa hutokeza nje ya ukuta, na lipu hurudiwa kila ukipita msimu wa mvua. Mji ulipohamishiwa mahali pengine baada ya vita, nyumba za Tongoni, Kasongo ya zamani, zilibaki bila mtu wa kurudia lipu. Ukuta wa namna hiyo ukivuliwa paa, mvua huanzia juu, ikichimba mifereji mpaka kozi za chini zirudi kuwa udongo. Siku hizi watafiti wa mambo ya kale wanafukua alama za mji huo ardhini.

Kwenye nyumba inayojengwa leo, mwenyewe anataka lipu ipigwe kabla ya masika. Fundi anachomeka msumari kwenye kiungo, anauchomoa na kumwonyesha ncha yenye tope.

"Papa, nje kumekauka. Ndani bado."

Lipu inaahirishwa, na vijana wanarudishwa shimoni kufyatua matofali ya jiko.