Rugaruga: jeshi lililoshika nidhamu bila sare

Askari wa leo hukaguliwa kwanza kwa macho: buti zinang'aa, mkanda umekaza, ndevu zimenyolewa. Rugaruga, wapiganaji wa Mtemi Mirambo wa Urambo katika Unyamwezi, wangefeli ukaguzi huo asubuhi na mapema. Huyu kajitanda kitambaa chekundu, yule kavaa manyoya kichwani, mwingine bangili za shaba na pembe, au mapambo ya mifupa ya adui. Hata hivyo, Agosti 1871 waliwashinda Waarabu wa Unyanyembe, wakaingia mji wao wa Tabora, wakachoma sehemu yake na kumuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa viongozi wao. Njia ya misafara ya Ujiji ikafungwa.

Waliwezaje? Kwanza, kwa uteuzi. Mirambo na msafiri Henry Stanley walipokutana Serombo mwaka 1876, mtemi alimweleza kwamba alipendelea vijana wasio na wake. Kijana wa namna hiyo hana anayemvuta nyumbani. Pili, kwa riziki. Rugaruga hakuwa na mshahara, aliishi kwa nyara; bunduki na baruti zilinunuliwa kwa pembe za ndovu, na mkono wa mtemi ndio uliozishika. Aliyemwasi alijinyima chakula na silaha kwa pamoja. Tatu, kwa mfano: Mirambo alikwenda vitani mwenyewe, na vijana wake walimwona mbele yao.

Mavazi nayo yalikuwa na kazi, ila yalimlenga adui, si ofisa wa ukaguzi. Wekundu ulioonekana kwa mbali na mifupa iliyoning'inia vilitangulia kuwatia watu hofu kabla risasi haijalia.

Baadaye wakoloni Wajerumani walikuja na utaratibu mwingine. Askari wao, Wasudani kwanza, kisha Wanyamwezi na Wasukuma wengi, walivaa kaki ya aina moja, tarabushi yenye nembo ya tai, na patisi miguuni. Nidhamu ilitoka kwenye kwata, mshahara wa rupia na kiboko. Januari 1893 jeshi hilo, chini ya Tom von Prince, liliivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, naye akajilipua ndani ya ghala la baruti.

Ubora wa sare unaonekana kamanda anapoondoka. Jeshi la Mirambo lilimtegemea mtu mmoja; alipofariki Desemba 1884, dola yake ilianza kusambaratika. Jeshi la kaki hubadilishiwa kamanda na gwaride likaendelea.

Lakini sare nayo ina mpaka wake. Tarehe 21 Januari 1964, siku moja baada ya wenzao wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, askari wa kikosi cha pili cha Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi hapo hapo Tabora. Walikuwa wamefundishwa kwata kwa desturi za Kiingereza, na sare zao hazikuwa na dosari. Malalamiko yao yalihusu mishahara na maofisa Waingereza waliokuwa bado wanawaongoza. Ilibidi jeshi livunjwe, na Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

Sare huonyesha nidhamu iliyopo na kuirithisha kwa wanaofuata, haiizalishi. Kwa hiyo anayekagua gwaride asiishie kwenye vifungo na buti. Aulize pia askari hawa wamechaguliwaje, wanalipwaje, na nani anawatangulia.