Leja ya Linda: Ufundi wa Bridget Christie katika The Change

Kukoma hedhi ni mada inayomtia mashakani mtunzi yeyote wa tamthilia, kwa sababu tamthilia hudai tukio, ilhali badiliko hili halina siku wala saa. Kitabibu, mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya kutimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, jambo ambalo kwa walio wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55, na maana yake ni kwamba tukio lenyewe hutambulika likiwa limekwisha kupita. Kabla yake huwapo kipindi cha mpito kinachoweza kuchukua miaka kadhaa, ambamo kiwango cha estrojeni, yaani homoni yenye dhima kubwa katika uzazi wa mwanamke, hupanda na kushuka bila mpangilio, na mwenyewe akapatwa na joto la ghafla, ukosefu wa usingizi, usahaulifu na hasira asizojua zimetoka wapi. Sifa kuu ya The Change, mchezo wa televisheni ulioandikwa na Bridget Christie na kurushwa na kituo cha Channel 4 cha Uingereza kuanzia mwaka 2023, ni kulipatia badiliko hili lisiloonekana umbo la kutazamika, pasipo kuligeuza kuwa somo la afya wala kumfanya anayelipitia kuwa kichekesho.

Mchezo huu ni tanzia-ramsa, yaani utungo unaochanganya huzuni na kicheko kiasi kwamba kimoja hakisimami bila kingine. Linda, mhusika mkuu anayeigizwa na Christie mwenyewe, ametimiza miaka 50 na anahofia kwamba akili imeanza kumtoka, hadi daktari anapomfahamisha kuwa kinachomsumbua ni kukoma hedhi. Badala ya kurudi nyumbani na kuendelea kama kawaida, anaitoa pikipiki yake ya zamani aina ya Triumph, anamwachia mumewe nyumba, na kushika njia ya Forest of Dean, msitu wa kale ulioko Gloucestershire, kati ya mto Severn na mto Wye, akikitafuta kisanduku alichokificha ndani ya mti alipokuwa mtoto. Kwa hatua hiyo moja mtunzi anakuwa amepata msuko: mabadiliko ya ndani ya mwili yamekuwa safari, na safari ina mahali pa kuanzia, vikwazo na watu wa kukutana nao njiani.

Hata hivyo, ufundi wenyewe unaonekana zaidi katika kifaa cha kawaida kabisa, nacho ni leja. Kwa miaka mingi Linda amekuwa akiandika katika madaftari kila kazi ya nyumbani aliyoifanya bila malipo wala shukrani, pamoja na dakika zilizotumika, na sasa anaondoka kwenda kujilipa muda huo. Mwanamke anayedai haki yake kwa maneno huambiwa ana kisirani, lakini anayeidai kwa hesabu iliyopangwa mstari kwa mstari hana wa kumbishia, kwa kuwa tarakimu hazipandishi sauti. Kicheko kinatokana na ukavu huo wa kihasibu, pale kufua na kupika vinapoorodheshwa kwa uangalifu wa karani wa benki. Huzuni nayo inatokana na kurasa hizo hizo, mtazamaji anapong'amua kwamba anachokisoma ni umri wa mtu. Christie pia anajizuia kumfanya mume, Steve, anayeigizwa na Omid Djalili, kuwa dhalimu: ni mtu mpole ambaye hakuwahi kuona, na kwa hiyo kosa linabaki katika mazoea ya jamii nzima.

Msituni mtunzi anabadili mkono na kuingiza dhihaka pamoja na mambo ya ajabu. Wamo dada wawili, Agnes na Carmel, wenye mkahawa wa vyakula vya mkunga, samaki mrefu mfano wa nyoka. Yumo Pig Man, mkaaji wa msituni anayeigizwa na Jerome Flynn. Na yumo mwenye cheo cha verderer, wadhifa uliorithiwa tangu Enzi za Kati wa kulinda miti na wanyama wa msitu wa kifalme. Uteuzi wa mkunga hauonekani kuwa wa bahati, kwani samaki huyo, baada ya kuishi miaka mingi katika mito ya Ulaya, hugeuka rangi na macho yake hupanuka, kisha hufunga safari ndefu ya baharini kuelekea Sargasso, na ndipo anapozaliana. Mchezo hausimami kulieleza hilo; unamwachia mtazamaji aunganishe mwenyewe.

Uzoefu wa Christie kama mchekeshaji wa jukwaani, aliyetuzwa Edinburgh mwaka 2013 kwa onyesho lake A Bic for Her na baadaye kuizungumzia mada hii hii katika Who Am I?, umemfunza wapi pa kunyamaza na wapi pa kuachia neno. Tangu The Change ianze kurushwa, uwanja wa mada hii umepanuka, na mwaka 2025 BBC ilirusha Riot Women ya Sally Wainwright, kuhusu wanawake wa makamo wanaounda bendi ya muziki wa panki katika mji wa Hebden Bridge. The Change yenyewe ilikoma mwaka huo huo, baada ya misimu miwili yenye jumla ya vipindi 12. Ni kazi fupi, lakini imethibitisha kwamba utu uzima wa mwanamke unatosha kuwa kiini cha tamthilia, na mtunzi atakayeshika kalamu kuhusu mada hii baada yake hatakuwa na kisingizio kwamba haina tukio.