Kicheko Kwenye Mazishi
Programu ya akili unde ilisema "huzuni", nasi tukaamini. Filamu yetu fupi ilipoonyeshwa Nyamira, akina mama wakaangua kicheko kwenye onyesho la mazishi: tulikuwa tumeweka wimbo wa harusi!

Obokano, ala ya nyuzi nane ya Abagusii, hunguruma. Nadhani mashine iliusikia ule uzito tu. Sishangai. GTZAN, mkusanyo wa 2002 uliotumika sana kwenye utafiti wa kuainisha muziki, una vipande 1,000 katika mafungu 10: rege imo, disko imo, obokano haimo.

Acha ipange mafaili, poa. Lakini wimbo una kazi yake kijijini. Kabla ya kuhariri tena, nitamuuliza mpigaji: huu huimbwa lini?