Matini Tatu, Lahani Moja: Uhakiki wa Mabadiliko ya Maneno katika Wimbo wa Have Yourself a Merry Little Christmas

Wimbo wa Have Yourself a Merry Little Christmas huimbwa kila Desemba kana kwamba ni matini moja isiyobadilika. Kwa hakika ni matini tatu, kwa uchache, zilizotokea katika muda usiozidi miaka 15 na kuhifadhiwa chini ya anwani moja na lahani moja. Tofauti baina yake kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha pembeni kuhusu tabia za waimbaji mashuhuri. Uhakiki huu unaichukulia kuwa suala la msingi: kilichobadilishwa ni msimamo wa nafsineni mbele ya wakati, na badiliko hilo linaathiri maana ya wimbo mzima.

Wimbo ulitungwa kwa ajili ya filamu ya Meet Me in St. Louis, iliyotayarishwa na Arthur Freed katika studio ya MGM, ikaongozwa na Vincente Minnelli na kutolewa mwaka 1944. Hadithi yake imetokana na masimulizi ya Sally Benson katika jarida la The New Yorker. Familia ya Smith inaishi St. Louis mwaka 1903, na baba ameamua kuihamishia New York kwa sababu ya kazi. Katika mkesha wa Krismasi, Esther, anayeigizwa na Judy Garland, anamwimbia mdogo wake Tootie, anayeigizwa na Margaret O'Brien, ambaye hawezi kukubali kuiacha nyumba yao.

Rasimu ya kwanza ya Hugh Martin, itakayoitwa hapa Matini A, ilimwambia msikilizaji kwamba huenda Krismasi hiyo ikawa ya mwisho kwake, na kwamba mwakani wote wangekuwa wakiishi katika yaliyopita. Garland alikataa kuiimba. Kwa maelezo ya Martin mwenyewe, mwimbaji huyo alihofia kuonekana katili akimwimbia mtoto maneno kama hayo. Martin naye aligoma kuyabadilisha, mpaka Tom Drake, aliyeigiza kama kijana jirani John Truett, alipomshawishi. Ndipo ikazaliwa Matini B, iliyomo katika filamu.

Matini B imejengwa juu ya wakati ujao. Shida zitatoweka mwakani. Marafiki waaminifu watakuwa karibu tena. Wote watakusanyika siku moja, majaaliwa yakiruhusu. Hadi siku hiyo ifike, wahusika hawana budi kujikongoja vyovyote iwavyo. Mstari huo wa kujikongoja ndio mhimili wa wimbo, kwa kuwa ndio pekee unaokiri hali ya sasa ilivyo. Hadhira ya mwaka 1944, ambayo wengi wao walikuwa na ndugu vitani ng'ambo, haikuhitaji kufasiriwa sharti la majaaliwa. Filamu ilizungumzia kuhama mji. Wasikilizaji waliweza kusikia kutengana kwa aina nyingine.

Hata hivyo, usomaji unaoiona Matini B kama wimbo wa kufariji tu unasahau kinachofuata kwenye filamu. Tootie hafarijiki. Anatoka mbio akiwa na nguo za kulalia na kuwavunjavunja watu wa theluji waliojengwa uani, maana ni heri waharibike kuliko kuachiwa wengine. Baba anaona yote hayo, na muda mfupi baadaye anatangaza kwamba familia haitahama. Kwa hiyo, kitamthilia, wimbo unafanikisha lengo kwa kushindwa: mtoto anasikia huzuni ambayo dada yake anajitahidi kuifunika, na anaijibu hiyo badala ya kuyajibu maneno. Hapa ndipo dai kwamba Matini A ndiyo "halisi" zaidi, eti kwa sababu ni ya kwanza na ina uchungu zaidi, linapopoteza nguvu. Matini A inatamka huzuni waziwazi, hivyo Esther asingekuwa na lolote la kuficha. Uamuzi wa Garland ulikuwa wa kihakiki, hata kama ulitokana na hofu ya kuchukiwa na watazamaji.

Matini C ni ya mwaka 1957. Frank Sinatra alikwisha kuurekodi wimbo huu katika miaka ya 1940 kwa kampuni ya Columbia. Alipoandaa albamu ya A Jolly Christmas from Frank Sinatra kwa kampuni ya Capitol, alimwomba Martin auchangamshe mstari wa kujikongoja, kwa kuwa anwani ya albamu iliahidi bashasha. Mahali pake pakawekwa nyota ing'aayo itundikwe kwenye tawi la juu kabisa. Mabadiliko mengine yalifuata mkondo huohuo: marafiki waliotarajiwa kuja sasa wapo, na shida zinatoweka kuanzia leo badala ya mwakani. Wakati ujao umegeuzwa kuwa wakati uliopo karibu kote. Jambo la kushangaza ni kwamba sharti la majaaliwa halikuondolewa. Limebaki likining'inia, bila hofu iliyolizaa, kama kovu la matini iliyotangulia.

Suala la nani mtunzi linazidi kutatanisha. Wimbo umesajiliwa kwa majina ya Martin na Ralph Blane. Martin alisimulia kwamba Blane ndiye aliyemhimiza aiokote lahani aliyokwisha kuitupa, ilhali katika tawasifu yake ya mwaka 2010 alidai kuwa maneno na muziki vyote ni vyake peke yake. Kauli hizo mbili si lazima zipingane, lakini zote zinawaacha nje Garland na Sinatra, ambao madai yao yaliamua kipi kibaki na kipi kifutwe. Mwaka 2001 Martin, akishirikiana na John Fricke, aliandika upya maneno kwa mwelekeo wa kidini. Kwa hiyo hata mtunzi hakuiona matini yoyote kuwa imefungwa. Mhariri wa tenzi anayekuta miswada inayotofautiana hueleza ameufuata upi na kwa nini. Wahakiki wa nyimbo za aina hii wanastahili kudaiwa hivyo hivyo, kwani anayenukuu "wimbo" bila kutaja matini huenda anahakiki maneno ambayo Garland hakuyaimba katika filamu.

Matini C ndiyo iliyoenea zaidi miongoni mwa waimbaji waliofuata. Lakini mwaka 2001, katika miezi iliyofuata mashambulizi ya Septemba nchini Marekani, James Taylor alitoa rekodi yake akiurudisha mstari wa kujikongoja mahali pake pa awali.