Eastleigh Kutoka Juu, Kitengela Kutoka Chini

Juzi tuliangalia tena Eye in the Sky kwa laptopu ya jirani, watu wanne tumebanana kitandani, ploti yetu ya Kitengela, stima ikipotea mara mbili. Binamu yangu alikuwepo, ametoka kwao Kajiado mjini kunisalimia. Ni mwanajeshi wa miguu, yuko likizo. Mimi niliacha chuo. Yeye ndiye anayesifiwa nyumbani.

Filamu ni ya 2015, mwelekezi Gavin Hood. Helen Mirren ni kanali wa Uingereza anayewawinda magaidi ndani ya nyumba moja Eastleigh. Nje kuna msichana, Alia, anauza mikate. Kombora lirushwe ama lisirushwe? Mikate ikipungua mezani mmoja mmoja, hata mimi nilishika kichwa. Barkhad Abdi, jasusi anayejaribu kuinunua yote ili mtoto aende nyumbani, ndiye anayeibeba filamu.

Lakini cheki ujanja wake. Mpango wa kwanza ulikuwa askari wa Kenya waingie wakamate watu. Halafu magaidi wanahama nyumba, tunaambiwa mtaa umeshikwa na wanamgambo, na askari wetu wanaachwa wakingoja. Eastleigh gani hiyo? Ile naijua unaenda kununua mapazia na viatu, unarudi na matatu usiku. Hii ilipigwa Afrika Kusini, mtaa umepangwa vizuri ili kombora libaki njia pekee.

Binamu alicheka hapo. Akatueleza vile wao hufunzwa: mlangoni ndipo watu hufia, usisimame katikati. Kila mtu na kona yake. Ukifika ghorofa ya pili, mjulishe aliye chini, la sivyo yeye ndiye atakupiga risasi.

Hilo la mwisho Kenya tumelilipia. Westgate, Septemba 2013, watu 67 waliuawa, na afisa wa kikosi cha Recce akapigwa risasi na wanajeshi wetu wenyewe, kwa sababu polisi na jeshi hawakuwa chini ya amri moja. Recce ni GSU, na GSU wana kambi ya mafunzo Magadi, hapa hapa Kajiado, jua kali na uwanda wazi. Vita vikaja dukani, kwenye ngazi. Dusit, Januari 2019, watu 21 walikufa, lakini shughuli ilimalizika kwa takriban saa 19. Kuna kitu kilikuwa kimefunzwa.

Ningependa filamu ya hao watu wa ngazini. Hood anampa kila mkubwa mwenye simu nafasi ya kusumbuka roho. Kanali anabembeleza hesabu ya hatari kwa Alia ishuke chini ya asilimia 50, na tunamhurumia. Askari wa Kenya, ambaye angeweza kuona uso wa mtu kabla ya kufyatua, haulizwi kitu.

Mimi nilimwuliza wangu. Juni 25, 2024 serikali ilitangaza jeshi litawasaidia polisi, na siku hizo vijana wa Kitengela tulikuwa Barabara ya Namanga. Nikamwambia: "Na wakikutuma huku?"

Aliangalia mlango wetu wa mabati, hata kufuli haifungi vizuri.

"Huu naujua," akasema. "Nitabisha."

Jirani akauliza, "Na ule wangu?"

Stima ikapotea tena.