Amani ya Nani?

Semina ilipokwisha, mwenzangu mmoja alishikilia kwamba riwaya ya Michael Moorcock, The Warlord of the Air (1971), inautukuza ukoloni. Sikubaliani naye, ingawa najua kilichomkera.

Oswald Bastable, kapteni wa jeshi la Uingereza, anapotelea Himalaya mwaka 1902 na kuzinduka 1973. Vita Kuu haikupiganwa. Himaya za Ulaya zote bado zipo, na meli za angani zinaelea juu ya London iliyostawi. Bastable anafurahi. Nami, aibu iliyoje, nilifurahi naye kurasa nyingi tu! Hapo ndipo penye ufundi: msimulizi ni askari wa dola, basi tunaona kile anachokiona askari. Mpaka akutane na Una Persson na Jenerali Shaw kule China ndipo anapong'amua kwamba amani ile ilikuwa vita vya upande mmoja. Sisi tuliosoma habari za Maji Maji (1905–1907) tungepaswa kunusa mapema.

Kasoro ipo: wanamapinduzi wake wanahutubia mno, hasa mzee Ulyanov, yaani Lenin aliyezeeka bila mapinduzi.

Lakini hebu tazama mwisho. Bastable, sasa mwanamapinduzi, yumo katika meli inayodondosha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Eti Moorcock anayapaka mapinduzi matope? Mimi naona anamuuliza mkombozi silaha ile kaitoa wapi. Bastable hajibu. Katika The Land Leviathan (1974) anaangukia dunia nyingine, na huko nako anakuta vita.