Sifa ya Mpanga Orodha

Mwezi wa Machi, mvua za masika zikaribiapo na wakulima wa Trans Nzoia wakiwa wamekwisha kulima wakingoja kupanda, mtu aingiaye katika duka la pembejeo mjini Kitale hana haja ya kuuliza njia: mifuko ya mbegu za mahindi, H614 na H6213, imekaa karibu na mlango kwa urefu wa mkono, mbolea ya DAP imepangwa nyuma yake, na dawa za ng'ombe, ambazo Januari zilikuwa mbele kwa fahari zote, zimerudishwa rafu za ndani zingoje zamu yake. Baadaye mbolea ya CAN itachukua mahali pa DAP, na wakati wa mavuno magunia na dawa ya fukusi yatajongea mlangoni. Muuzaji wa duka hilo hakusomea upangaji chuoni, lakini fani anayo, kwani hutazama swali ambalo mnunuzi atalitamka akifika, na majina ya makampuni na tarehe za kuingia ghalani huyaacha kwenye daftari lake. Na akikosea, mdomo wake upo. Mtu huuliza, naye hunyoosha kidole.

Nimeanza na duka hilo kwa sababu nakusudia kumsifu fundi asiye na mdomo huo. Ni yule apangaye orodha za kuchagulia katika simu na kompyuta, ambaye hupanga duka lake mara moja, akafunga mlango akaenda zake, na kuwaacha maelfu ya wageni wajitafutie wenyewe wakitakacho, usiku na mchana, pasi na wa kumwuliza.

Mfano ulio karibu nasi ni M-PESA. Ilipojaribiwa mwaka 2005, Nairobi na Thika, nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu Kenya kulipa mikopo yao kwa simu. Lakini wale watu wapatao 500 wa jaribio wakaitumia kwa haja zao nyingine, wakatumiana fedha wao kwa wao, jambo ambalo waundaji hawakulitia hesabuni. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walioiongoza kazi hiyo, wanastahili sifa kwa kuwatii watumiaji wao kuliko karatasi zao wenyewe: huduma ilipofunguliwa kwa umma na Safaricom tarehe 6 Machi 2007, habari ya kulipa mikopo ilikuwa imeondolewa mlangoni, na mahali pake pakawa na kutuma pesa, kisha kutoa pesa, kisha kununua muda wa maongezi. Vitenzi vitupu, kama mtu asemavyo nyumbani.

Tena tazama kisichokuwamo. Kuweka pesa, tendo la kwanza la kila mteja, hakuna nafasi katika orodha ya mteja, kwa kuwa wakala ndiye hulitenda kwa simu yake huku mwenye fedha amesimama mbele yake na noti mkononi. Fundi wa tabia ya kawaida angeliweka mlango hapo kwa ajili ya ukamilifu, na mlango huo ungelifungukia ukutani. Kuhusu salio, ambalo limefichwa ndani ya akaunti, mimi sikubaliani na mpanga orodha wa M-PESA hata leo. Labda alihesabu kwamba kila ujumbe wa kuthibitisha hulitaja.

Dhiki ya nafasi imeifaa sana fani hii. Huduma za nyota na reli, mfano wa *334# ya M-PESA, hazikubali zaidi ya herufi 182 katika ukurasa mmoja, nambari na nafasi tupu zikiwamo, na mtu akikawia kufikiri mazungumzo hukatika. Kwa hiyo mpanga orodha hupima maneno kama mshairi apimavyo mizani, akijua kwamba neno la ziada juu litamfukuza mwenzake chini, nyuma ya mlango wa pili, ambako wengi hawafiki. Kadhalika kuna tartibu ya maswali. Mkulima wa Bungoma alipaye kidogo kidogo deni la mbegu na mbolea kwa One Acre Fund, shirika lililoanzia huko huko Bungoma mwaka 2006, huulizwa nambari ya biashara, kisha akaunti, kisha kiasi, na nambari ya siri huja mwisho, kama sahihi chini ya barua. Njia ni ndefu, lakini hufuata mwendo wa fikira, na hiyo ndiyo sababu hupitika.

Wapo wapanga orodha wasemao idadi isizidi saba, wakitegemea makala ya mwaka 1956 ya George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani. Ilhali Miller alisema juu ya yale ayashikayo mtu kichwani kwa muda mfupi, na orodha iliyo mbele ya macho haihitaji kushikwa. Nilikuwa nikiwacheka, hata nilipomtazama kukhu, bibi yangu wa Chwele, akitumia kabambe, simu yake ndogo ya vitufe. Kukhu hasomi. Kwake orodha yote imo kichwani na vidoleni: moja, kisha moja, kama ajuavyo hatua za kutoka jikoni hadi zizini usiku wa giza.

Chama kimoja cha akiba, ambacho sitakitaja, kiliwahi kuipamba upya orodha yake, kikatia mkopo mpya nafasi ya pili, palipokuwa na salio. Kukhu akabonyeza mbili kama miaka yote, akatia nambari yake ya siri, nayo ikapokewa kuwa ndiyo kiasi cha mkopo autakao. Na mjukuu aliyemsomea jibu akamkuta mdeni, yeye ambaye hajapata kukopa hata chumvi. Ilitugharimu siku mbili na safari ya Bungoma mjini kuufuta mkopo huo. Muuzaji wa Kitale huhamisha mbegu na mbolea atakavyo kwa sababu yupo dukani. Asiyekuwapo hana ruhusa hiyo, na kipya chake hukaa mwisho, ijapokuwa wakubwa wa fedha wanasukuma kionekane kwanza. Kuwakatalia wakubwa hao mwaka baada ya mwaka, huku mikopo na malipo ya kila namna yakibisha hodi, na nambari moja ya M-PESA ikabaki kuwa ya kutuma pesa, ni kazi ambayo sijaona ikipewa nishani.

Juzi nilimkuta kukhu uani, anachambua maharagwe ya mbegu. Akaitoa simu kwenye fundo la leso, akamtumia mjukuu wake wa Kitale shilingi mia tano, macho yake yakiwa kwa kuku aliyenyemelea ungo, kidole kikienda peke yake. Akairudisha simu kwenye fundo, akamfukuza kuku, akaniuliza kama kwetu Kitale mvua imekwisha kunyesha.